Kalondu wa Chemchemi na Kalondu wa Chupa

Jua liko utosini. Kalondu Ndolo anapiga magoti kwenye chemchemi iliyo nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Kibwezi. Anaingiza mkono chini ya jiwe jeusi mpaka begani, anapapasa, halafu anautoa taratibu. Kaa wa rangi ya udongo anapapatika kati ya vidole vyake.

"Ukimvuta kwa haraka anakuachia mguu," anasema, akimtumbukiza kwenye ndoo. "Watu wa makumbusho hawapendi kaa kilema."

Hii ni kazi yake tangu 1974: kuwashikia watafiti kaa wa maji baridi. Hulipwa shilingi hamsini kwa safari, na safari zenyewe ni mbili au tatu kwa mwaka. Siku zinazobaki yuko shambani kwenye mbaazi zake.

Lakini leo mawazo yake hayako kwenye ndoo. Ndani ya nyumba amelala mjukuu wake, binti wa kwanza wa mwanawe Muthama. Kesho atapewa jina, na kwa desturi ya Wakamba jina hilo ni la nyanya yake mzaa baba: Kalondu. Mama wa mtoto, Mumbua, amekataa.

"Jina hilo lina mwenyewe," Mumbua anasema. "Na mwenyewe amekufa."

Anamaanisha kaa.

Miaka minne iliyopita Kalondu alishika kaa ambaye mtafiti mmoja, Daktari Nzomo, hakuwa amewahi kumwona popote. Daktari akampeleka makumbusho huko Nairobi, akamlinganisha na wengine, akatangaza kwamba ni aina mpya. Kama shukrani, akaipa aina hiyo jina la Kalondu. Yule kaa mmoja akawa kielelezo. Yeye ndiye mwenye jina, na wengine wote lazima walinganishwe naye. Kwa hiyo hatupwi. Atakaa kwenye spiriti miaka yote.

Daktari alirudi na picha, amefurahi kama bwana harusi. Majirani walicheka sana. Ndululu, mwenye shamba la ng'ambo, mpaka sasa humchokoza njiani: "Nimsalimie yupi leo, wa hapa au wa chupa? Na yule ni dume, eti!"

"Nilicheka nao," Kalondu anasema. "Mpaka nilipoenda kumwona."

Ilikuwa Agosti mwaka jana. Daktari alishusha chupa kutoka kwenye rafu, akaiweka mezani. Kaa alikuwa amepauka, mweupe kama kucha. Gando lake la kushoto, lililokatika mkononi mwa Kalondu siku ile ya kumshika, lilikuwa limelala kando yake humo humo ndani.

"Macho yalikuwa yananitazama. Nikahamia upande wa pili wa meza. Bado yananitazama. Nikamwambia daktari, huyu mpe jina lingine. Akaniambia, 'Mama Muthama, jina likishatangazwa halirudi. Hata mimi niliyelitoa siwezi.' Nikamuuliza, na nikifa? Akasema, 'Hapo ndipo litadumu.' Alidhani ananifariji."

Tangu safari hiyo mkono wake wa kushoto hufa ganzi kila asubuhi. Kliniki hawakuona kitu. Mchungaji wao aliuombea, akasema jina ni sauti tu.

Mumbua hakutosheka. "Mimi nimeokoka, siogopi mdudu," anasema, akimhamishia mtoto bega la pili. "Lakini nilisikia na masikio yangu. Mwezi uliopita Ndululu alisimama pale kwenye lango akaita, 'Kalondu!' Mwaitu akaitika kutoka ghalani." Mwaitu ndivyo anavyomwita mama mkwe wake. "Na kule majini kitu kikagonga jiwe. Ko, ko. Ndululu akaita tena, kikagonga tena. Muthama anasema eti ni mawe yanapoa. Mawe gani yanapoa saa saba mchana?"

Kalondu amesimama mlangoni, mikono bado inadondosha maji.

"Mwanangu," anasema, "usiponipa huyu, wa jina langu nitabaki na yule wa chupa peke yake. Yule alipewa jina akiwa ameshakufa. Huyu anapumua."

Mumbua anamtazama mtoto. Mtoto hana jina, na katika nyumba hii hakuna anayethubutu kumwita chochote.

"Basi kesho utamwita wewe mwenyewe, mwaitu. Mara moja tu. Akigeuka, akilia, akifumbua hata jicho, ni lake. Lakini kule nyuma kukigonga kwanza, ataitwa Kasyoka kama mama yangu, na hutanilaumu."

"Sitakulaumu."

Kalondu anaifunika ndoo kwa gunia na kukaa kizingitini. Anasema ameshapanga: atamwita mtoto jua likishapanda, akiwa ameshiba, kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio. Na kabla ya hapo atafunga dirisha la upande wa maji.

"Si kwamba naogopa," anasema. "Nataka tu mtoto apate nafasi ya kuitika wa kwanza."