Mkanda wa Mgongo Usiouma

Kila Alhamisi madam alinipa sare ya jeshi ya mwanawe niifue na kuipiga pasi. Sare ilikuwa safi. Haikuvaliwa tangu niifue Alhamisi iliyopita, wala ile ya kabla yake. Nilimwambia mara moja tu, akanijibu, "Kazi yako ni kufua au kukagua?" Basi nikawa nafua kisicho na uchafu, kisha tunaitundika karibu na mlango wa sebule, mahali ambapo wageni wataiona wakivua viatu.

Mwenyewe alikuwa chumbani amelala. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanajeshi, amerudi Riyadh kutoka kituo cha mpakani kwa likizo ya wiki mbili, na wiki mbili zikawa miezi miwili. Hakuwa na homa wala jeraha. Alitazama ukuta.

Ugonjwa huo mimi naujua. Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule nikiwa darasa la saba, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na wadogo wanne walikuwa wananitazama. Anayenifuata alilala hivyo hivyo msimu mzima wa kupalilia. Majirani walisema ni uvivu, nami kwa ujinga wangu nikawaamini, nikammwagia ndoo ya maji baridi. Alifumba macho tu, maji yakimtiririka. Sijamwita mtu mvivu tena.

Bwana wa nyumba, ambaye sote tulimwita baba, alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya mtu anayedhani gwaride bado liko mbele yake. Aliamua kwamba mwanawe anaumwa mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima, mwanamume anaweza kuupata akibeba silaha. Akamtafuta rafiki yake daktari aandike karatasi ya mgongo ya kumwongezea likizo, akaenda madukani mtaa wa Sulimaniya akanunua mkanda mpana wa kufunga kiunoni. Wageni wakija, kijana anatolewa kitandani, anafungwa mkanda, anaketishwa sebuleni kama saa ya ukutani. Mmoja wao, mwenye busara nyingi, alimshauri alale sakafuni. Nusura niangushe trei ya tende.

Mimi nilikuwa na ushahidi wa sahani. Wali ulikwenda umepangwa, ukarudi umepangwa. Mwishowe nikaacha kumpelekea chakula chumbani. Niligonga mlango wake nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Yalla, njoo uchambue mchele." Alikuja siku ya tatu. Alichambua kiganja kimoja, akarudi kulala. Kesho yake akaja tena.

Alikuwa amenisikia nikizungumza na wadogo zangu kwa simu, akaanza kuniita dada kama wao, mwanzoni kwa kejeli. Siku moja nikamsimulia habari za mdogo wangu na ndoo ya maji.

"Dada, yule mdogo wako aliponaje?"

"Hakupona kwa maji baridi."

Akacheka kidogo.

"Nilimpeleka hospitali mwenyewe, kwa miguu," nikamwambia. "Nikamweleza muuguzi kwamba hali wala haamki. Sikusema ana malaria."

"Mimi nikisema hivyo, baba atakufa kwa aibu."

"Aibu haiui. Angekufa siku ile aliponunua mkanda."

Safari hii hakucheka. "Wakinirudisha kule na kunipa bunduki," alisema, "sijui, dada." Aliyasema kama mtu anayesema chai imepoa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Karatasi ya mgongo ilipobaki na siku chache, baba alitubeba wote hadi Jedda, nyumbani kwa mama yake, ati hewa ya bahari imnyooshe kijana kabla hajarudi kazini. Joto la Riyadh linachoma, la Jedda linalamba. Mtu aliyeshindwa kuinuka penye ukavu sijui angeinuliwaje na jasho, lakini hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa ndugu wawili wa baba walikuja kula kwa mama yao. Nikaweka sinia la wali na nyama katikati yao. Baba alimpiga mwanawe bega.

"Jumapili simba anarudi kazini!"

Kijana akaufungua mkanda, akauweka kando ya sinia.

"Mgongo wangu mzima," alisema. "Ninaumwa moyoni na kichwani. Siwezi kurudi nikashika bunduki. Nataka daktari wa akili."

Baba alicheka, akawa anacheka peke yake. "Anatania. Anakula, analala, ana nini?"

"Muulize dada kama ninakula."

Nyuso zote zikanigeukia. Ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa mikononi mwa yule bwana, na kwetu wadogo wawili walikuwa bado shuleni. Alinikazia macho ya gwaride.

"Wewe. Anakula?"

"Hali, baba. Miezi miwili sasa. Nyama yake naila mimi, ndiyo maana nimenenepa."

Madam akainamia glasi yake ya maji. Mama mzee aliliacha tonge lake, akamtazama baba, mwanawe, huyo mkuu wa vikosi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Baba aliuokota mkanda, akaukunja. Amri zote zilikuwa zimemwishia.

Kesho yake asubuhi alimpeleka mwanawe hospitali, uso umemvimba kama aliyeumwa na nyuki. Wakiwa garini kijana alimpigia simu kamanda wake, akamwambia ukweli wote. Aliponisimulia baadaye alikuwa bado haamini. Kamanda aliuliza kitu kimoja tu: karatasi ya daktari wa akili ataipata lini.

Miezi miwili nyumba nzima imefua, imetundika na imedanganya, ikimkwepa mtu aliyetaka karatasi tu.

Kijana bado yumo jeshini. Anameza dawa, anaonana na daktari wake, na wamempa kazi ya ofisini Riyadh. Siku nyingine huwa mzito, naye husema ni mzito. Baba huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyeutambua ugonjwa huo mapema, kwa jicho la askari. Nami huwa nimesimama pale pale, nasubiri amalize.