Imekufa, lakini usiguse

Mutu wa Butembo akikuambia «plasma», usimuamini. Hapa kila télé yenye kuwa plate ni plasma. Ya kununua jana, plasma. Ya 2009, plasma. Batu banachekaka juu ya ile. Mi sicheke, juu ile ujinga ilibakia kidogo iue mutu wa pili mbele ya Rébecca.

Rébecca anatengenezaka batélé huku Mususa, mu Butembo. Kwabo ni Oicha. Vita ikamukimbiza mpaka Beni, akajifunza kazi kwa fundi moja, Kamate, mu commune ya Ruwenzori. Kamate alikufa akiwa ku kazi. Client alimuambia: «Ni LED, tena imekufa.» Akafungua, akaingiza mukono. Haikukuwa LED. Rébecca alikuwa anamushikia torche.

Sikia sasa, juu bengi hamujue. Écran plat za huku hazitoe mwangaza zenyewe, kuko taa nyuma yake. Ku za zamani ile taa ni neon, tube nyembamba kama paille ya kunywea juice, na juu iwake inaomba volts elfu moja na kupita. Ku za LED ni bitaa bidogo-bidogo byenye kupangwa ku réglette, kipande ndefu nyembamba. Kama réglette iko pembeni, télé inakuwa nyembamba. Kama ziko nyuma yote, inanenepa kidogo, lakini haifikie ya neon. Kuko na OLED, na plasma ya kweli, zile hazina taa ya nyuma, kila nukta inajiwakia. Huku sijaona hata moja.

Siku moja, saa ine ya asubuhi, capitaine Kapinga akaingia kwa Rébecca. Ni mutu wa Kasaï, balimutuma huku juu ya vita. Basoda babili balibeba télé, bakaiweka, bakabakia ku mulango. Ku télé kuko autocollant: LED.

— Technicienne, plasma yangu inasema lakini haionekane.

Rébecca akaangaza torche ku écran. Mule ndani journaliste akaonekana kidogo, kama mutu mwenye kusimama mu maji ya udongo. Basi image iko. Taa ya nyuma njo imezima.

— Ni LED kweli, capitaine?

— Hauone? Haukusoma?

— Télé iko munene sana.

— Hata mi niko munene.

Rébecca akamuomba aiache, arudie kesho.

— Niiache ubadilishe bipande? Nabakia hapa.

Rébecca akafungua. Neon, tube ine, ncha zake zimekuwa nyeusi. Mutu alibandika tu autocollant juu auze. Rébecca akaweka mikono nyuma ya mugongo. Na ilikuwa lazima awashe, juu ajue kama ni tube ao ni carte yenye kuzipa courant.

— Rudia nyuma, capitaine.

— Mbona unaficha mikono? Umeiba nini?

— Naogopa.

— Unaogopa kitu yenye imekufa?

Rébecca akawasha. Capitaine akainama, akanyoosha kidole karibu na fiche ya tube, pale courant inaingilia.

— Ni hii njo ilikufa?

Rébecca hakufikiri. Akapiga ule mukono, kwa nguvu.

Basoda bakanyanyua bichwa. Mumoja akashika bunduki yake.

— Obeti ngai? Umenipiga?

Rébecca akakamata tournevis ya manche ndefu ya plastiki, akaleta ncha karibu na fiche. Mbele iguse, moto ya bluu ikaruka. Tsss. Harufu ikajaa mu nyumba. Akang'oa prise.

— Taa njo imekufa, capitaine. Courant haijakufa. Inatafuta ile taa. Ikipata kidole, inapita mu kidole.

Capitaine akakunja kidole yake. Akakamata kiti, akaenda kukaa ku mulango, katikati ya basoda bake.

— Toa ile yote. Weka LED ya kweli.

Masaa tatu nzima Rébecca anabandika réglette, na yule mutu anaangalia tu ule mukono wenye ulimupiga. Image ikatoka, safi. Capitaine akalipa. Akifika ku mulango akageuka, akasema neno moja tu ya Kinande, luga ya huku, yenye anajua:

— Wasingya.

Ni merci. Lakini alisema bila kucheka. Rébecca alienda kulala kwa dada yake juma nzima.

Nilimuuliza: alikushukuru, ao alikutisha? Anasema hajue. Basoda bakipita ku barabara, bado anaingiza ule mukono mu mufuko.