Mizunguko Miwili ya Akiba

Mwaka wa tisini, kabla ya vita, mwalimu niliyekuwa nikimshonea suruali alihamia Bujumbura. Aliniachia vipande vya redio ya kuunda mwenyewe, ya kusikiliza na kuzungumza, tukaahidiana kuongea hewani kila Jumamosi saa kumi alasiri.

Niliilehemu yote juu ya meza ya cherehani, dukani kwangu Rwezamenyo. Jumamosi tatu nikaambulia mvumo mtupu. Nililehemu upya, nikamfokea kila aliyenisogelea.

Mke wangu, fundi cherehani kama mimi, akachukua karatasi ya maelekezo, akahesabu mizunguko ya waya wa shaba nilioviringisha kwenye bomba la kunasia mawimbi.

“Wamesema mizunguko kumi na miwili. Wewe umeweka kumi na minne.”

“Miwili ni ya akiba,” nikajibu, maana hakuna nguo ninayoshona bila kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono.

“Baba watoto, redio hainenepi.”

Nikaitoa ile miwili kwa hasira. Jumamosi iliyofuata sauti ya mwalimu ikaingia, safi kabisa. Baada ya salamu akanieleza kwamba amenenepa, na suruali yake imeokolewa na ile akiba niliyoacha.

Mke wangu alikuwa amesimama pale pale. Nikaongeza sauti.