Hewa Iliyomchukua Edmond

Nyirarukundo alilima maharagwe kijijini Rugari, chini ya volkano ya Nyiragongo, kwa miaka ishirini na mitatu, na miaka hiyo yote aliuogopa mlima kuliko watu. Mvua ya Septemba ilianza kuchelewa, mwaka mmoja wiki mbili, mwingine mwezi mzima. Ikija, ilishuka siku tatu mfululizo na kuufagia udongo hadi barabarani. Majirani walisema ni moshi wa Nyiragongo. Naye aliamini, maana aliuona kila asubuhi akifungua mlango.

Shamba lilipokataa kuzaa, mumewe Edmond aliingia msituni kukata miti na kuchoma mkaa, makala kama wanavyouita kwao, wa kuuza mjini Goma. Hakuipenda kazi ile. Alirudi na macho mekundu kwa moshi.

Vita vya waasi viliporudi mwaka 2022, walikimbia kwa miguu pamoja na binti yao Charline, wakaishia kambi ya Bulengo, magharibi ya mji, juu ya mawe meusi yanayokata ndala. Kuni hakuna, na makala yaliuzwa ghali. Wanawake waliozifuata mbali walikamatwa na wenye bunduki, ndiyo maana Edmond akasema ataenda yeye.

Asubuhi moja aliteremka kwenye bonde dogo nyuma ya mahema, ambako vichaka vilikuwa vimekauka vyenyewe. Hakupanda tena. Charline alipotaka kumfuata, jirani yao Asha, mzaliwa wa Sake karibu na hapo, alimkamata gauni.

"Simama, mutoto! Ni mazuku!"

Mazuku ni hewa inayotoka ardhini kwenye nchi ya volkano. Haina rangi. Ni nzito, hulala mabondeni kama maji, na anayeingia humo hukosa pumzi. Vijana walingoja upepo uvume, kisha wakamvuta Edmond kwa kamba. Mkononi alikuwa bado ameshika tawi.

Siku tatu baada ya mazishi alikuja Idriss, fundi wa kupima hewa za volkano. Aliteremsha mashine yake bondeni kwa uzi, akapigilia kibao chekundu cha hatari. Nyirarukundo alimngoja amalize.

"Papa, hewa hii munaiita nini?"

"Gazi karboniki, mama. Ni ileile inayotoka kwenye makala yakiwaka, na kwenye magari."

"Basi ndiyo iliharibu mvula yetu. Mulima iliharibu mvula, halafu ikachukua bwana yangu."

Idriss alikunja uzi wake. Angeweza kumkubalia tu na kwenda zake.

"Bwana yako, ndiyo, ni mulima. Lakini mvula, hapana. Volkano zinapumua tangu zamani za zamani. Ukizijumlisha zote za dunia, kwa mwaka hazifikishi hata sehemu moja katika mia ya gazi inayoletwa na kazi za watu. Ikilipuka moja kubwa sana, moshi wake hupoza dunia mwaka mmoja, miwili, basi. Joto hili la sasa, linaloletwa na gazi hiyo na kuvuruga mvula, linazidi kupanda. Hili ni la watu."

"Watu gani? Sisi wa makala?"

"Kukata musitu kunaongeza, na udongo unashuka kwa kukosa mizizi. Lakini moshi mwingi ni wa viwanda na magari ya inchi za mbali. Watu wasiojua hata jina la Rugari."

Nyirarukundo aliketi juu ya jiwe. Baadaye alimwambia Asha kwamba maneno yale yalimuuma karibu sawa na kifo chenyewe. Mlima hauna masikio; mtu hunyamaza mbele yake, akamwomba Mungu. Lakini kama ni watu, basi kuna waliokuwa na uwezo wa kuacha, na hawakuacha. Tena Edmond wake naye alikuwamo, kwa magunia yake machache ya makala.

Jioni hiyo alipika kwa makala. Hakukuwa na kitu kingine.

Tangu hapo, kila asubuhi alisimama juu ya bonde lile akiwarudisha wanaotafuta kuni. Wengine walimtukana, wakidhani anawanyima.

Mwanzoni mwa 2025 waasi waliuteka mji, na watu wa kambini wakaamriwa kurudi makwao. Mama na binti walikunja turubai. Kaburi la Edmond, rundo la mawe kati ya marundo mengine, walilisalimu wakaondoka.

Rugari walikuta nyumba haina paa, na handaki la askari limechimbwa katikati ya shamba. Hawakuwa na jembe. Wakaanza kulifukia kwa mikono.