Ng'ombe Ndani ya Ngano

Yoakimu Sulle wa Masakta hakuwahi kumtania mtu maishani mwake, na hilo ndilo lililommaliza.

Alikuwa kibarua wa kuandika namba kwenye matrekta ya shamba la ngano la serikali. Saba yake ungedhani imetoka kiwandani. Meneja aliposikia kuwa wageni wa wizarani wanakuja, akamwonyesha ukuta mweupe wa bwalo.

"Nichore hapa, nimesimama kwenye ngano. Ikipendeza, kibarua basi. Unaajiriwa."

Kuajiriwa maana yake nyumba ya bati kambini, na mkewe Fabiola kuachana na jiko la mama mkwe anayeificha hata chumvi.

Yoakimu akachora. Ngano ikawaka, Mlima Hanang ukakaa nyuma na wingu lake, Meneja akasimama na kofia. Ila alipojitenga kuangalia, akaona mtu yule amesimama kama yatima. Mkubwa mzima, hana hata ndama! Kwao, ukitaka kumsifu mtu unaanza na mifugo yake. Basi akamgawia ng'ombe wanene, wamezama kwenye ngano hadi tumboni, na mkononi akampa fimbo.

Sasa, shamba lile ng'ombe akikanyaga ngano alikamatwa, na mwenyewe akaswagwa naye hadi kituoni. Yoakimu alilijua hilo vizuri, ila siku hiyo akili yote ilikuwa kwenye pembe.

Wa kwanza kuona alikuwa Margwe, dereva wa trekta.

"Jamani njooni! Meneja anachungia ndani!"

"Si kuchunga, Margwe. Ni mali yake, nimempa heshima."

"Mali yake, eeh? Sisi tulikuwa tunasikia tu kwamba ana ng'ombe wa siri humu shambani. Kumbe wewe umewaona!"

Bwalo likalipuka. Hapo akaingia Felician, mtunza stoo, aliyetoka seminari kabla ya kuvaa kanzu akabaki na Kilatini kisicho na wa kuongea naye. Aliutazama ukuta kama mtu aliyepata barua ya nyumbani.

"Hii ni satura," akasema. "Warumi wa kale neno hilo walilitumia kwa sinia la vyakula vilivyochanganywa, wakaja kuyaita hivyo mashairi yao ya kuwasema watu."

"Yaani makande," akasema Margwe.

"Makande kabisa! Na matajiri wao walijaza picha kwenye kuta za nyumbani. Mgeni akila, anatazama ukuta, anamjua mwenye nyumba. Washairi wale wakiicheka picha, wamemcheka aliyeitundika. Mchoraji, mkejeli na mkosoaji wamenyonya ziwa moja. Yoakimu, wewe ni Mrumi!"

Yoakimu akafikiri anaulizwa dhehebu.

"Ndiyo, kaka. Tangu nibatizwe."

"Amekiri!" Margwe akapiga meza.

Kadiri Yoakimu alivyokana ndivyo walivyomsifu kwa kuigiza ujinga. Meneja alipofika, neno lilikuwa limeshamtangulia.

"Shikamoo, mzee."

Marahaba haikuja. "Nasikia umenipika makande."

"Hapana, mzee. Niliona huna ng'ombe, nikakuhurumia."

"Nani kakuambia sina? Au ninao?" Meneja mwenyewe akajikwaa humo. Nyuma mtu akakohoa. "Futa ng'ombe! Sasa hivi!"

Yoakimu akawafuta mmoja mmoja, akapaka ngano juu yao. Fimbo hakuambiwa, hakuigusa. Alipomaliza, Meneja wa ukutani alikuwa amebaki peke yake katikati ya shamba, fimbo mkononi, macho mbali.

Kisha Felician, kwa nia njema kabisa, "Aa! Sasa ndiyo imekamilika. Wameshakamatwa!"

Hata wapishi walicheka. Chokaa ikaletwa, ukuta ukarudi mweupe, na Yoakimu akaambiwa asionekane tena, si kambini, si kwenye matrekta. Felician alimsindikiza hadi njia panda akimpongeza.

Nyumbani alimsimulia Fabiola yote. Fabiola alisikiliza ameshika shavu, akisikitika, hadi kwenye fimbo. Hapo midomo ikaanza kumcheza.

"Na wewe unacheka?"

"Nisamehe, baba Kornelia." Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. "Lakini ulifanya makusudi, si ndiyo? Niambie tu mimi."

Yoakimu akavuta kigoda, akaketi. Mama yake akaingia na bakuli, akaliweka mbele yake. Makande, hayana chumvi.

Akala. Angefanyaje.