Msuko wa Nyuzi za Buluu

Saluni ina viti vitatu, na cha katikati hakigongwi tena. Mashine alipomaliza kichwa alizoea kugonga mgongo wa kiti kwa kichana chenye mkia, ko-ko, na mteja aliyefuata akajua zamu yake imefika hata kama alikuwa amesinzia. Siku hizi mdogo wake huwaita wateja kwa mdomo. Kichana kimebaki kwenye kopo lake, na hakuna anayekigusa.

Jina la Mashine alipewa na wateja, kwa sababu ya vidole vyake. Alisuka huku akisimulia, akimtania kila aliyekaa. "Hizi nywele umekuja kuzisuka au kuzizika?" Mwenye nywele alicheka kuliko wote.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kumsaliti. Kichana kilidondoka mara moja, mara tatu. Kidole gumba kikawa kizito kama cha mtu mwingine. Wasusi wana ujanja wao: mkono mmoja ukichoka, unaushikisha tu nywele, na wa pili unafanya kazi ya yote miwili. Aliyekaa kitini hajui kitu. Mashine alisuka hivyo miezi miwili, mdogo wake akimfungia ncha na kunyamaza, mpaka siku alipoanguka kando ya sinki.

Ilikuwa saratani ya ubongo. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, umejibanza palepale panapoendesha mkono wa kulia. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliwaonyesha picha.

"Hakuna vichwa viwili vinavyofanana," alisema. "Niliyempasua juzi ni fundi magari. Nilimwamsha katikati ya upasuaji nikampa spana na nati. Wewe nitakupa nyuzi usuke. Nikifika mahali mkono ukalegea, uniambie, nasimama hapohapo. Kitakachobaki nakiacha."

"Ukikiacha?" Mashine aliuliza.

"Kitaota tena. Hata nikitoa chote ninachokiona, kitaota. Ila nikitoa zaidi, huenda kikachelewa miezi kadhaa. Kwa hiyo kabla sijapanga, niambie: unataka nilinde nini kwanza?"

"Mkono," mdogo mtu akadakia. "Ndiyo kazi yake, daktari. Ndiyo maisha yake."

Daktari alimtazama Mashine. Mashine alitazama picha ya kichwa chake, akatikisa kichwa kukubali. Daktari akaandika.

Siku ya upasuaji, mdogo mtu alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi. Daktari alipotoka alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Yu hai. Tumetoa uvimbe karibu wote. Lakini mkono wa kulia hauendi. Sielewi. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa amekaa naye, anatazama. Alisuka mpaka mwisho. Kila tulipomuuliza, alisema yuko sawa."

Walimpa msuko wenyewe ndani ya mfuko wa plastiki: nyuzi tatu za buluu, urefu wa mkono. Mdogo mtu aliutoa akaupitisha vidoleni kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi. Mwanzo ulikuwa sawasawa, umekazwa pande zote. Katikati ukaanza kuinamia kushoto, kidogo sana, na ukaendelea kuinama hivyo hadi kwenye fundo. Mtu mwingine asingeona. Yeye alikuwa amefunga ncha za misuko iliyoinama hivyo kwa miezi miwili. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikishwa tu.

Alingoja siku nne ndipo akauliza.

"Dada, ulihisi mkono unakwenda?"

"Nilihisi."

"Na ukawadanganya."

"Nilisuka. Hawakuniuliza nasuka kwa mkono upi."

"Dada, usinifanyie mzaha! Mbona hukusema pale kwa daktari?"

"Ulishanijibia wewe." Ulimi wake ulikuwa mzito, ila macho yalikuwa yaleyale ya saluni. "Ningeulizwa mara ya pili ningeogopa kuupoteza, ningesema mkono. Mwanangu ana miaka sita, mdogo wangu. Nywele zake hata wewe unaweza kuzisuka, japo unasuka kama unafunga mbuzi. Mama yake utamtoa wapi?"

Mdogo mtu alicheka, kicheko kikamgeuka katikati.

Walipata miezi kumi na moja nyumbani. Kila Jumapili mtoto alikaa sakafuni, mama mdogo akasuka, na Mashine akaelekeza kutoka kitini, mkono wa kulia umelazwa mapajani. "Kaza hapo. Hapo! Huo ni mstari au njia ya panya?" Ilipofika miezi tisa maneno yakaanza kumkimbia, na akawa anaonyesha kwa kidole cha kushoto. Picha mpya ilionyesha uvimbe umerudi, mkubwa kuliko wa kwanza.

Mdogo mtu alimuuliza daktari kama ile miezi ilinunuliwa na mkono, au ingekuja yenyewe.

"Sijui," alisema daktari. "Ningekuwa najua ningekwambia."

Mashine sasa yuko wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Hasemi. Mtoto huletwa Jumapili, ameshasukwa.