Pilau Iliyobaki Sufuriani

Najua mkiniona napita hapa Mkwaja mnakonyezana, na mna haki, kwa hiyo bora niyaseme mwenyewe kwa kinywa changu kuliko kuendelea kuyasikia kwenye baraza za watu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa mjumbe wenu bomani miaka tisa, nikachoka, nikaamua kupumzika, na kabla ya kukaa pembeni nikataka niwashukuru watu kwa maulidi na pilau. Mbuzi wawili wakachinjwa. Nikavaa kanzu mpya na lile koti la kwendea bomani kwa Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya (joto lilikuwa la kuua, lakini mtu akishajiona mkubwa hasikii joto). Mke wangu, Bi Fatuma, aliniambia mapema kabisa, "Sema ahsante, ukae, watu wale." Laiti ningemsikia.

Maulidi yakasomwa, nikashukuru, watu wakaitikia vizuri, na sheikh akainua mikono afunge kwa fatiha. Hapo ndipo sifa ziliponipanda kichwani, nikamwambia, "Sheikh, subiri kidogo, nataka kuomba radhi." Mnaijua desturi yetu, mtu akiaga huomba radhi, watu wote hujibu pamoja kwamba wamesamehe, hakuna anayetaja kitu, yanakwisha. Nikaomba, wakajibu, "Tumesamehe." Ilikuwa tamu. Nikaomba tena, wakajibu tena. Mara ya tatu nikaongeza na maneno, eti mwenye kinyongo na mimi asimame aseme, nisiondoke na mzigo wa mtu.

"Mimi sijasamehe."

Sauti ilitoka upande wa wanawake, nyuma ya ukuta wa makuti. Akatokeza Bi Mwanakombo, jirani yangu, mwanamke aliyenizidi umri, taratibu, amejifunga kaniki.

"Saidi," akasema (hakuniita Bwana Mjumbe), "mwaka ulipopewa ujumbe ulichora duara pale uwanjani kwa fimbo yako, ukasema kisima kitakuwa hapa, nasi tukakupigia vigelegele. Lipo duara lako?"

Lilikuwa limefutika zamani kwa miguu ya mbuzi.

"Mkamwana wangu alikuwa akifuata maji mtoni na mimba ya miezi minane. Akateleza na mtungi. Tukamzika yeye na kiumbe chake, na wewe ukaja matangani, ukanishika mkono, ukaniambia kisima kinakuja. Mimi sijasamehe."

Ningenyamaza hapo ningepona nusu. Lakini mimi nimezoea kuwajibu watu, nikajikohoza, nikasema kesho asubuhi nakwenda mwenyewe bomani kulisukuma jambo hili, na mzee mmoja wa safu ya mbele, bila hata kuinua kichwa, akasema, "Kesho si mjumbe tena." Mtu akacheka. Sheikh akashusha mikono. "Radhi imekataliwa," akaniambia, "sasa fatiha yangu itafunga nini?" Akainuka, akatafuta viatu vyake. Wakamfuata wote, mmoja mmoja, kwa adabu, wakinipa mkono, na pilau imo masufuriani haijafunuliwa. Mtu wa Mkwaja kuiacha pilau ya maulidi, jamani, hilo hamjaliona tena.

Tukabaki mimi na Bi Fatuma juu ya majamvi matupu. Nililia, sifichi, maana miaka tisa nilipishana na wanawake wale kwenye njia ya mtoni na sikuwahi hata siku moja kuuliza mtungi una uzito gani.

Asubuhi sikwenda bomani. Nilichukua jembe na sururu, nikaenda uwanjani, pale pale nilipochora, nikachimba kwa mikono hii iliyozoea kushika karatasi. Wiki ya tatu maji yakatoka. Nikamwita Bi Mwanakombo, nikamwamkia shikamoo, nikamtekea kata moja, nikampa. Akaonja, akatema pembeni.

"Ya chumvi."

Nikakaa juu ya rundo la mchanga. Niliapa pale pale kwamba sitaomba radhi tena mbele ya umati. Nitaifuata mlangoni kwa mwenyewe, na nisipopewa nitarudi kesho yake. Yeye akanirudishia kata.

"Chimba kwingine," akasema, akajitwika mtungi wake, akashika njia ya mtoni.